Mwalimu Mkuu Aliyeliliwa Akiwa Mbioni

Watu huniuliza kama Mwalimu Mkuu wetu alikuwa na kichaa. Hakuwa nacho. Mwenye kichaa humkasirikii. Unamhurumia, unampa chakula, unaendelea na shughuli zako. Yule bwana alinikasirisha miaka yote niliyofundisha chini yake kwenye shule yetu ya msingi nje kidogo ya Karatu, na hata leo nikimkumbuka huwa nasonya kwanza ndipo nicheke.

Kila mwaka, mahindi yakishavunwa na shule zimefungwa, alijipa mtihani. Si wanafunzi, ni yeye mwenyewe. Aliuita mtihani wa mwili, na ulikuwa na masomo matatu yaliyofanywa asubuhi moja bila mapumziko. Somo la kwanza lilikuwa baiskeli: kutoka nyumba za walimu, kupita Karatu mjini, hadi kwenye bwawa la shamba moja la kahawa upande wa Oldeani. La pili kuogelea: kulivuka bwawa hilo kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. La tatu mbio: kutoka ng'ambo ya bwawa kupanda na barabara ya vumbi mpaka lango la hifadhi ya Ngorongoro, penye msitu wa nyati na tembo, mahali ambapo watu wenye akili zao hufika wakiwa ndani ya gari na vioo wamevifunga. Nguo na baiskeli aliviacha ukingoni mwa bwawa, akavifuata baadaye kwa lifti ya lori lolote lililokuwa likiteremka.

Hakuwa na mshindani wala zawadi. Hakuna mtu Karatu aliyewahi kusikia mchezo wa namna hiyo, na yeye aliamini kwamba ameubuni mwenyewe. Miaka ya baadaye dereva mmoja wa watalii alitusimulia kuwa huko kwao wazungu wanafanya vivyo hivyo, wakiwa na namba vifuani na watu wa kuwapigia makofi. Mwalimu Mkuu alinuna wiki nzima kama mtu aliyeibiwa.

Saa yake ya mkono ilikufa miaka ile ambayo hata kiberiti kilipatikana kwa kujuana, kwa hiyo alijipima kwa basi. Basi la kutoka Arusha lilikuwa linapanda kwenda hifadhini, na sharti lake lilikuwa afike langoni kabla halijafika. Tatizo ni kwamba basi lenyewe lilikuwa gonjwa kuliko yeye. Mwaka mmoja liliharibikia Mto wa Mbu, likalala huko, na Mwalimu Mkuu akarudi kututangazia kwamba amelishinda kwa siku nzima. Nilimwambia hata bibi yangu angelishinda. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Lakini bibi yako hakutoka nyumbani, Mwalimu."

Ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia jambo la maana, anakupa jibu ambalo huwezi kulijibu wala kulikubali.

Baiskeli yake ilikuwa ya Kichina, nyeusi, nzito kama ng'ombe mgonjwa. Mipira ilipokosekana madukani alijaza majani makavu ndani ya tairi la nyuma na kulikaza kwa kamba ya katani. Breki alizitengeneza kwa vipande vya ndala. Akiteremka kutoka barabarani, harufu ya mpira unaoungua ilitangulia kufika shuleni, na wanafunzi waliokuwa wamekalia mafagio yao walifagia kwa bidii ya ghafla. Wageni kutoka wilayani walidhani tuna shule yenye nidhamu sana.

Alikuwa na msemo wake, na mtu akiusema leo mbele yangu naondoka. "Mwili ni mwanafunzi mtoro," alikuwa akisema. "Ukimwachia siku moja, kesho humpati." Aliusema paredi, aliusema kwenye kikao cha wazazi, aliusema kwenye harusi ya mwalimu mwenzetu, mbele ya bibi harusi. Kisha akaona walimu wake nao ni watoro, akatuamuru tukimbie naye kila Jumamosi. Mimi nilikimbia kwa gauni na raba za kuazima zilizonizidi, mpaka kwenye kona ya kwanza. Hapo lilipita lori la ngano, nikalipungia mkono, nikarudi nyumbani nimekaa juu ya magunia kwa raha zangu. Jumatatu akanipa zamu mbili mfululizo. Hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza.

Wachungaji wa Kimaasai waliopitisha ng'ombe karibu na lango walimzoea, lakini hawakumwelewa. Mzee mmoja alimsimamisha siku moja kwa fimbo, akatazama nyuma yake, akatazama tena msituni.

"Nani anakufukuza?" akamuuliza.

"Hakuna, mzee wangu."

"Ng'ombe wako wamepotea?"

"Sina ng'ombe."

Yule mzee akafikiri, kisha akamwonea huruma kweli kweli. "Basi pole," akamwambia. "Kaa kidogo unywe maziwa." Mwalimu Mkuu alikataa maziwa kwa sababu basi lilikuwa linakuja, na alitusimulia kisa hicho kama mfano wa watu kutojua thamani ya mazoezi. Mimi nilikuwa upande wa yule mzee.

Mwaka mwingine nyati alimpandisha mtini. Akakaa huko juu mpaka basi likampita, abiria wakimwonyesha kwa vidole. Mtu mwingine angemshukuru Mungu na kuwasha mshumaa kanisani. Yeye alisema mtihani umeingiliwa, akaurudia wote wiki iliyofuata, baiskeli, maji na mbio.

Na msidhani alikuwa mtakatifu wa mwili. Huyo huyo aliyewakagua walimu wa kiume vitambi, aliyewanyima wanafunzi karanga eti zinaleta uvivu, alivuta sigara. Alivuta nyuma ya stoo ya majembe, akiwa amechuchumaa, akiutawanya moshi kwa daftari la mahudhurio. Shule nzima ilijua. Mwanafunzi wa darasa la kwanza angekuonyesha mahali penyewe. Nilipomfuma alinieleza kwa utulivu kwamba mapafu nayo yanahitaji upinzani ili yawe na nguvu.

Ila nitasema na hili, kwa sababu ni haki yake. Masika moja mvua zilikata barabara, ule udongo wetu mwekundu ukawa kama sabuni, na mtoto mmoja wa darasa la tatu alishikwa na homa shuleni mpaka akawa hatambui watu. Hakuna gari lililotembea. Mwalimu Mkuu alimfunga mtoto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa kanga yangu, akaisukuma baiskeli kwa miguu mpaka hospitali, akianguka na kuinuka. Alirudi jioni akiwa tope tupu, akaomba maji ya kunawa, hakusema neno. Mtoto alipona. Nilipomsifu mbele ya walimu, alikasirika. "Ile haikuwa mazoezi," akasema. "Ile ilikuwa kazi. Msichanganye mambo." Hakutaka hata habari hiyo iguswe tena, mtu ambaye angeweza kukueleza habari za kilima kimoja mpaka chai ikapoa.

Sasa nije kwa mkewe, maana yeye ndiye aliyelipa.

Mwalimu Mkuu alitoka mikoa ya Ziwa, huko ambako mtoto huogelea kabla hajajua kusoma. Mkewe alikuwa Mwiraqw wa pale pale, na kwa watu wa pale maji ni ya kunywa, ya ng'ombe na ya shamba. Hakuna aliyeogelea. Tena wazee walisema chemchemi na mabwawa yana wenyewe wanaoishi chini, na mtu haingii nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. Mkewe alikuwa mtu wa kanisa, aliimba kwaya, lakini hilo la maji hakulitoa moyoni. Wala hakumkataza mumewe baiskeli au mbio. Alimwomba kitu kimoja tu katika ndoa nzima: aliache somo la pili. Nilikuwapo siku moja alipomwomba, tukichambua mbaazi mlangoni kwao.

"Baba, kimbia utakavyo," alimwambia. "Nenda na baiskeli mpaka Loliondo ukitaka. Yale maji yaache."

"Mtihani wa masomo mawili si mtihani, mama," akajibu.

"Mimi ndiye ninayebaki na watu hapa. Wewe unapita tu na baiskeli. Kukitokea jambo, wataniuliza mimi."

"Hakutatokea jambo."

Jambo lilitokea. Mwaka ule shamba la kahawa lilikuwa limeajiri mlinzi mpya, ambaye hakuwa na habari za Mwalimu Mkuu na masomo yake. Akizunguka bwawa asubuhi, akakuta baiskeli imeegemezwa mtini, suruali imekunjwa vizuri, shati juu ya suruali, viatu na soksi ndani yake. Mtu hayupo. Maji yametulia. Huko anakotoka mtu anayejua kuogelea, nguo ukingoni maana yake mwenyewe anaogelea. Kwetu Karatu maana yake ilikuwa moja tu, na yule mlinzi alikimbia barabarani akipiga yowe.

Kabla jua halijapanda vizuri msiba ulikuwa umeshajaa nyumbani kwake. Wanaume walikwenda bwawani na kamba na miti mirefu kuutafuta mwili. Wanawake walikoka moto, masufuria yakaletwa, mahindi yakaanza kuchemka. Mabibi wa ukoo wakamkalisha mkewe chini, wakamnyoa nywele kama mjane anavyonyolewa, na yeye hakuzuia mkono wala hakulia, alikuwa anatazama ukuta tu. Hata mimi niliyejua mtihani wake niliamini, maana habari ilifika ikisema amezama, nikalia kwa sauti. Nililia mpaka nikakaukiwa, na siku hiyo nilimsamehe kila kitu, hata zamu za Jumatatu. Jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Mchana akatokea. Hakupata lori la kuteremka, kwa hiyo alirudi kwa miguu, kwa njia ya mkato isiyopita bwawani, kifua wazi, kaptura imekaukia mwilini, vumbi mpaka kwenye kope. Aliona watu wamejaa uani, akavua kofia ambayo hakuwa nayo, akauliza kwa sauti ya chini:

"Nani amefariki?"

Mzee mmoja alirudi nyuma akakalia sufuria. Hatimaye katekista, ambaye ndiye alikuwa akiandaa sala, akasema:

"Ni wewe, Mwalimu."

Na yeye akacheka. Angelia, angepiga magoti, angesema lolote, pengine mambo yangeishia pale. Alicheka mpaka akashika mbavu, mbele ya mkewe aliyenyolewa, kisha akauliza kama kuna mtu ameona basi limepita saa ngapi.

Baba mdogo wa mkewe, mzee mwenye heshima zake, alisubiri kicheko kiishe.

"Mwanangu," akasema, "binti yetu amenyolewa. Kifo kilikuja hapa. Kimekukosa wewe, tunashukuru, lakini nyumbani kimeingia. Lazima tukitoe."

"Baba, mimi ni mzima. Nishike mkono uone."

"Nakuona. Sikusema umekufa. Nasema alete mtu kondoo mmoja, mkae ndani pamoja siku chache, wazee waseme maneno yao, mpakwe mafuta yake wote wawili, mtoke. Ni jambo dogo."

"Siwezi kusafishwa kifo ambacho sikukifa," akasema Mwalimu Mkuu, na akaingia ndani kutafuta shati.

Wairaqw wana neno lao, metimani, kwa mtu au nyumba iliyoguswa na kifo. Mtu aliye metimani hakai na watu, hatumii njia ya kisimani na wenzake, hatoi moto wa jikoni kwake wala hachukui wa jirani, hamshiki mtu mkono, mpaka wazee wamtoe. Siku zile wengi walikuwa Wakristo, na padri wetu hakulipenda jambo hilo, lakini ukimuuliza mama yeyote pale kama angekunywa kwenye kikombe cha mjane ambaye hajatolewa, angekuambia subiri kwanza. Mkewe mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Aliogopa asije akamwambukiza mtoto wa mtu balaa. Mumewe alipokataa kondoo, yeye alibaki ndani; mume, kwa kuwa ni mtu wa kuja na hakunyolewa, watu walimwacha apite zake.

Tangu mavuno yale akakaa humo. Mvua za vuli zikamkuta ndani, watu wakapanda, masika yakaja, na yeye yumo. Hakwenda kisimani, hakwenda mnadani, hakwenda kwaya. Msidhani wanawake wale walikuwa na roho mbaya. Walimwachia mboga kwenye ua, walimsalimia wakiwa barabarani kwa sauti ya juu, walimwuliza habari za kichwa chake na za kuku wake. Kisha wakaenda zao wakiongea, na yeye akabaki anawasikiliza sauti zikipungua. Mimi si mtu wa kabila lile, nilikuwa tayari kuingia. Alinizuia mlangoni.

"Unafundisha watoto wa watu, mdogo wangu," akaniambia. "Kaa huko huko."

Basi tuliongea kupitia ua wa minyaa, mimi huku, yeye kule, nikimwona jicho moja na ncha ya kanga. Sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Nilimwendea Mwalimu Mkuu ofisini, si mara moja.

"Mwalimu Mkuu, ni kondoo mmoja."

"Si kondoo. Ni kanuni."

"Kanuni gani?"

"Leo nikikubali kwamba nilikufa kwa sababu suruali yangu ilikuwa ukingoni, kesho nitalifundisha nini darasa la saba?"

"Utalifundisha kwamba mkeo amerudi kwaya."

Akachukua chaki, akaigeuza, akaipuliza vumbi. "Sijaona maazimio yako ya kazi ya mwezi huu," akasema.

Ningeweza kumpiga na rula.

Katekista naye alijaribu, akamwambia achukulie tu kama adabu kwa wakwe. Alimjibu kwamba adabu kwa wakwe anayo, amewalipia karo wajukuu zao. Ilikuwa kweli. Baba mdogo alikuja mara ya pili, akakaa nje kwa sababu hakuweza kuingia, na Mwalimu Mkuu akamtolea kiti, akamzungumzisha habari za bei ya ngano kwa heshima zote mpaka mzee akachoka akaondoka.

Na kilichonitia wazimu zaidi ni hiki: hakuwa mume mbaya. Kazi zote za mkewe za nje alizibeba yeye. Alichota maji kwa baiskeli asubuhi kabla ya kengele, akapeleka mahindi mashineni, akasimama kwenye foleni ya sabuni katikati ya kina mama. Mwanaume na cheo chake, ndoo mbili zikining'inia kwenye usukani, hakuona haya hata kidogo. Nikaanza kudhani moyo umemgusa. Kisha nikamsikia akimweleza mwalimu mwenzetu kwamba kilima cha kisimani, ukikipanda umebeba maji, kinajenga mapaja kuliko kilima chochote wilayani, na kwamba anasikitika hakukigundua mapema. Kifungo cha mkewe alikifanya uwanja wa mazoezi.

Mavuno yaliporudi, kaka za mkewe walichoka kungoja. Walikuja kutoka upande wa Mbulu na kondoo wao wenyewe, siku ambayo Mwalimu Mkuu alikuwa wilayani kufuata mishahara. Wazee walijadiliana sana kama mke anaweza kutolewa bila mume. Mwishowe baba mdogo akauliza lile shati lililokutwa bwawani liko wapi. Likaletwa, likalazwa juu ya kigoda kando ya mkewe, likapakwa kila alipopakwa yeye, likaambiwa maneno yote ambayo mwenyewe alipaswa kuyasikia. Jioni hiyo mkewe alikwenda kisimani. Alikwenda polepole, ndoo kichwani, na kina mama wakatoka majumbani mmoja mmoja wakajifanya nao wameishiwa maji.

Mwalimu Mkuu aliporudi alilivaa lile shati bila kuuliza, na alipoelezwa alifurahi mno. Kwa miaka iliyofuata aliwaambia wageni kwamba mkewe alisafishwa pamoja na nguo yake, naye akiwa kwenye foleni ya mshahara. Mkewe alitabasamu kila alipoisikia. Mimi nilikuwa natoka nje.

Na kuogelea je, aliacha? Thubutu. Alichofanya ni kutafuta kipande cha boksi, akaandika kwa rangi nyeusi: NIPO. NINAOGELEA. Upande wa pili: NIMEVUKA. NINAKIMBIA. Alikiweka juu ya nguo zake, na aliona kwamba kwa hilo amelimaliza suala lote. Mwaka wa kwanza ng'ombe wa shamba walikitafuna. Bahati nzuri mlinzi alikuwa ameshamzoea.

Baadaye mimi nilihamishiwa Wasso, huko makao makuu ya wilaya ya Ngorongoro, ng'ambo ya kreta na mbuga zote zile. Nani asiyejua barabara ya Wasso? Habari zilifika zikiwa zimechoka. Nilisikia amestaafu, amejenga nyumba karibu na wakwe zake. Kisha nikasikia mkewe ameugua, na niliposikia kwamba amefariki, alikuwa ameshazikwa siku nyingi. Nilipata lori likizo ilipofika, nikashuka Karatu siku ya mnada, nikanunua sukari ya kupeleka msibani, ingawa msiba ulikuwa umeshakwisha.

Njiani nilikutana na mama mmoja tuliyeimba naye kwaya. Nilimwuliza habari za Mwalimu Mkuu. Akaweka mzigo wake chini.

"Mwambie wewe, Mwalimu, labda atakusikia," akasema. "Wazee walishamtoa zamani. Walichinja, wakasema maneno, wakampaka, akatulia kama mtoto. Kesho yake tukamngoja kanisani, hakuja. Amekataa kutoka. Haendi dukani, hashiki mtu mkono. Tunamwachia mboga kwenye ua."

Nilipanda ile njia nimevimba kwa hasira. Alipotakiwa kukaa, alikataa. Sasa ameambiwa atoke, amekataa pia. Hata matanga ameyageuza mtihani! Nilipanga kila neno nitakalomwambia, yakiwemo niliyoyanyamazia ofisini miaka ile yote.

Alikuwa amekaa mlangoni, nywele zimenyolewa, miguu ile myembamba imenyooshwa mbele yake kama si ya mtu. Aliinuka aliponiona. Nikampa mkono, akaurudisha wake nyuma.

"Usinishike, Mwalimu. Bado."

"Wazee walishakutoa."

"Najua."

"Basi unafanya nini humu? Unamsumbua nani? Yeye hayupo."

"Alikaa tangu mavuno mpaka mavuno," akasema. "Na mimi nitakaa hivyo hivyo."

"Haitamsaidia kitu."

"Najua, Mwalimu. Si kwa ajili ya kumsaidia. Nilitaka kujua ilikuwaje." Akakaa tena. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea. "Nilidhani ni kukaa tu. Mtu anakaa, anapumzika. Nilikuwa namwambia hivyo, kwamba amepata mapumziko."

Nikaiweka sukari chini, karibu na mlango.

"Kila jioni nikirudi aliniuliza swali moja," akaendelea. "Ananipokea ndoo, ananiuliza, 'Leo umekutana na nani huko?' Kila jioni, Mwalimu. Na mimi namweleza habari za kilima. Leo nimepanda vizuri, leo goti limeuma. Anasikiliza mpaka mwisho. Halafu kesho ananiuliza tena."

Akapangusa uso kwa kiganja. Nilikuwa sijawahi kumwona analia, na hasira yangu haikujua iende wapi.

"Umepita mnadani," akasema. "Umekutana na nani?"

Nikavuta kigogo kilichokuwa ukutani, nikakiweka karibu naye kuliko alivyotaka, nikakaa. Nikaanza na yule mama anayeuza vitunguu vya Mang'ola, kwamba amehamia upande wa kivulini, na kwamba binti yake ameolewa.

"Binti yupi?" akauliza. "Yule mkubwa, au yule mwenye mwanya?"

"Mwenye mwanya," nikamwambia, na machozi yakanitoka, nikamkasirikia upya.